Maneno Arobaini ya Gaudensi

Siku ya sita baada ya kupasuliwa taya, Gaudensi Kihwele aliiba mrija.

Aliutoa kwenye mkoba wa dada yake, Eskolastika, aliyekuwa uani anaanua nguo kabla mvua ya Mafinga haijashuka. Chini ya meza kulikuwa na dumu la ulanzi, kinywaji cha mianzi, zawadi ya wenzake wa kiwanda cha nguzo za umeme. Ulanzi mtogwa, mtamu, haujachacha hata kidogo. Na yeye siku sita nzima analishwa uji kwa bomba la sindano kama ndama aliyefiwa na mama. Meno yamefungwa kwa mipira, mdomo wa chini umekufa ganzi, shavu limevimba mpaka jicho la kushoto linachungulia tu. Mtu mzima, miaka ishirini na minne, anafutwa udenda na dada yake! Akaona imetosha. Akapenyeza mrija kwenye pengo la jino lililong'oka, akavuta.

Fundo la kwanza lilikuwa la peponi. La pili likaja na damu.

"Samahani," sauti yake ikasema kutoka chini ya kidevu, tulivu kama ya msoma matangazo kanisani. "Dada yangu mpendwa, nadhani nahitaji msaada kidogo."

Gaudensi hakusema hivyo. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, asingeweza kusema lolote. Alichotaka kusema ni: Eskola, nakufa, kimbia! Lakini shingoni alikuwa amevaa Mlezi, mashine ya kuuguza, mkanda mweupe, mpana kama kola ya padri. Mlezi ndiye aliyeilaza misuli ya taya lake, na ndiye aliyemsemea. Neno likianza tu kutekenya koo, Mlezi analidaka, analitoa nje kwa sauti ileile ya Gaudensi. Shida ni kwamba kabla ya kulitoa alikuwa analiosha kwanza.

Eskola aliingia na nguo begani, akaona damu, akaona mrija.

"We Gau! We mtoto! Umelaaniwa au?"

"Nakupenda pia, dada yangu," Mlezi akajibu.

Saa moja baadaye Gaudensi alikuwa kwenye kiti cha Daktari Sembuche, mwanamke mfupi wa Kisambaa mwenye mikono ya baridi. Daktari alimpulizia dawa, damu ikakata, kisha akawasha picha ya taya ukutani. Pale mfupa wa zamani ulipopasuliwa vipande kulikuwa na kitu kama ukungu, rangi nyekundu, kinapumua.

"Umevuta mrija?"

"Nilifanya kosa dogo, daktari, na nimejifunza mengi," Mlezi akasema.

Daktari akacheka. "Hiyo siyo kauli yako. Wewe siku ulipoletwa hapa ulinitukana kwa vidole." Akagonga picha kwa kalamu. "Unaona huu? Ni mfupa mbegu. Nimechukua chembe nyongani kwako, ndogo kama punje ya ulezi, nikaipanda humu. Wiki sita itakuwa taya. Ila mbegu haina adabu, kijana. Inaota kuelekea inakovutwa. Ukifyonza mrija, ile damu iliyoganda juu yake inabanduka, mbegu inabaki uchi. Ukikasirika, unabana meno, mfupa unaota upande. Ndiyo maana Mlezi anakupoozea maneno. Ukisikia sauti yako imetulia, na wewe unatulia."

Gaudensi akachukua penseli ya seremala mfukoni, akaandika kwenye kipande cha ubao alichokuwa anatembea nacho: NIKITAPIKA JE?

"Mkasi." Daktari akamvika mkasi mdogo shingoni kwa kamba. "Unakata mipira, unainama mbele, unamwaga, unakuja kwangu. Usiuvue hata bafuni. Na kuanzia leo, mrija marufuku. Nyekundu ikigeuka njano, nitafurahi. Ikigeuka kijani, utaongea. Wenye akili wanafika kijani siku ya arobaini na mbili. Wewe sijui."

*

Siku ya tisa alikuja Otmari.

Otmari Luambano alikuwa Mngoni wa Peramiho, mwendesha winchi, jitu lenye mabega kama mlango. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye winchi ile saa nguzo ilipochomoka kwenye kulabu na kumpiga Gaudensi taya. Ndiye pia aliyembeba mgongoni mpaka zahanati ya kiwanda bila kusimama. Mngoni na Mhehe kama Gaudensi ni watani tangu vita vya mababu, Mhehe akitaniwa kuwa anakula mbwa, na hawa wawili walikuwa watani mpaka wenzao wakachoka. Miaka minne hawajawahi kusalimiana kama binadamu.

"Hodi humu!" Otmari alinguruma mlangoni. "Yuko wapi mla mbwa? Nasikia taya limevunjika. Mbwa wa Mafinga jana wamefanya ibada ya shukrani!"

Moyo wa Gaudensi uliruka. Tangu apasuliwe alikuwa anamwekea huyu jamaa tusi moja refu, lenye kona. Akaliachia lote kwa furaha.

"Karibu sana, ndugu Luambano," Mlezi akasema. "Nashukuru kwa kuja kunijulia hali. Mungu akubariki."

Otmari akasimama. Mkononi alikuwa na mfuko wa maparachichi.

"Ndugu nani?"

Siyo mimi, ni hiki kidubwasha, mjinga wewe! Gaudensi alisukuma maneno kwa nguvu zote, macho yamemtoka.

"Nakuheshimu sana, ndugu yangu. Wewe ni mtu mwema."

"Gau, acha hizo." Sauti ya Otmari ilishuka. "Nitukane basi. Hata kidogo."

"Siwezi kukuvunjia heshima."

Eskola, aliyekuwa anachuja mchuzi wa maharage kwa kitambaa, akaacha kukamua. Otmari aliweka maparachichi mezani taratibu, moja moja, kama mtu anayeweka maua kaburini.

"Sawa," akasema. "Nimeelewa. Una haki."

Akatoka. Gaudensi alimkimbilia mpaka barazani, anapunga mikono, anaonyesha shingoni. Ila jamaa alikuwa ameshawasha pikipiki na hakugeuza shingo.

"Umemfukuza mtani wako," Eskola alisema. "Umemwita ndugu. Mbele yangu!"

Na kweli. Mtani akikutukana, ujue bado upo moyoni mwake. Akianza kukuheshimu, amekuzika. Otmari, ambaye hakujua kuwa Mlezi huosha maneno, aliondoka pale akijua jambo moja tu: Gaudensi amemwekea kinyongo cha ajali, kinyongo kizito mpaka utani umekufa.

*

Siku ya kumi na mbili kamati ya uchunguzi wa ajali ilimpigia. Uso wa Mama Mwangoka, mwenyekiti wa kamati, ulijaa ukutani kwa Eskola, na miwani yake, na kikombe chake cha chai.

"Pole, ndugu Kihwele. Swali ni moja. Winchi ilivutwa kulabu ikiwa haijafungwa. Mwendesha winchi, Luambano, tumemhoji, hajitetei. Kila tukimuuliza anasema hamsemi mtu aliyefungwa mdomo. Sasa wewe utuambie. Alivuta kwa ishara au alivuta kwa kichwa chake?"

Pale kiwandani misumeno inapiga kelele mpaka mtu hasikii mawazo yake. Watu wanafanya kazi kwa mluzi. Mmoja, simama. Miwili, vuta. Kamera inaona kulabu, inaona winchi, ila mluzi haiusikii. Anayeujua ni aliyeupiga na aliyeusikia, basi.

Na Gaudensi aliupiga. Mara mbili. Saa saba kasoro, tumbo linanguruma, foleni ya wali imeshaanza kujipanga, kulabu ameipachika kwenye nguzo lakini ulimi wa kuifungia hajaubana. Akasema moyoni ataubana inapopanda. Alishafanya hivyo mara mia, na mara zote mia hakikutokea kitu.

Sasa, mbele ya mwenyekiti, alikusanya nguvu: Mimi ndiye. Mluzi nilipiga mimi.

Shingo ikatetemeka. Mlezi akahisi mapigo ya moyo yanapanda, akahisi taya linataka kubana, akafanya kazi aliyoumbiwa.

"Kumbukumbu zangu bado hazijatulia," akasema kwa sauti ya Gaudensi. "Nisingependa kumlaumu mtu. Labda winchi ilivutwa mapema kidogo."

Hapana! Hapana! Nimesema nilipiga!

"Hapana shaka tutasameheana."

Gaudensi akapiga meza ngumi. Kila alivyozidi kuchemka ndivyo Mlezi alivyozidi kulainika. Mama Mwangoka akaandika, akashukuru, akasema mgonjwa ana moyo wa ajabu, wangekuwa wote hivi kiwanda kingekuwa pepo. Ukuta ukazima.

Kesho yake habari ilifika. Otmari anyang'anywe leseni ya winchi maisha. Uamuzi utasomwa mbele ya wafanyakazi siku ya thelathini, halafu arudi kwao.

*

"Kauli ya Mlezi ni kauli ya mgonjwa," Daktari Sembuche alisoma sheria, akakunja uso. "Anayetaka kuikana, aikane kwa kinywa chake mwenyewe kabla uamuzi haujasomwa. Maandishi hayapokelewi."

Gaudensi akaandika kwenye ubao: KWA NINI?

"Kwa sababu siku hizi kila kitu kinaandika. Hata friji yangu inaniandikia barua. Kinywa ndicho kimebaki." Daktari akamtazama. "Sasa nisikilize vizuri. Ukisema kosa ni lako, Mlezi anarudishwa siku hiyohiyo. Aliyejiumiza kwa uzembe hauguzwi na mashine, ndiyo kanuni yao, mbaya kama ilivyo. Wiki mbili za mwisho utajiuguza mwenyewe. Hakuna wa kulaza misuli. Ukisahau ukabana meno usingizini, taya linapinda, na likipinda limepinda. Tena hapo ni kama utafika siku ya thelathini una mfupa wa kuongelea. Picha yako ya leo bado nyekundu."

"Asante kwa maelezo mazuri," Mlezi akasema.

Nyumbani Eskola hakumzungusha. Eskola alimlea tangu mama yao afariki, na hakuwa mtu wa kupaka mafuta maneno.

"Nyamaza," alisema. "Ndiyo, nyamaza, usinitolee macho. Otmari ana mabega, atapata kazi popote. Wewe una taya moja. Msimamizi kasema siku hizi unaongea vizuri, ukirudi unakuwa kiongozi wa zamu. We uliyeacha shule kidato cha pili kwa kugombana na mwalimu wa hesabu! Kidubwasha hicho kimekupa heshima ambayo mdomo wako haukuwahi kukupa."

Hapo ndipo palipouma, kwa sababu ilikuwa kweli. Watu waliokuwa wanamkwepa sasa walikuja kukaa naye. Hata mama mwenye nyumba alimletea maziwa. Mlezi alikuwa amemtengenezea Gaudensi mwingine, mpole, mwenye busara, na kila mtu alimpenda huyo kuliko yeye. Angenyamaza tu, angemrithi. Alikaa kitandani asubuhi nzima akiligeuza jambo hilo. Mwisho akachukua ubao, akaandika, akamgeuzia dada yake.

YULE ANAYEPENDWA SIYO MIMI. NA MLUZI NILIPIGA MIMI.

Eskola alisoma mara mbili. Akavuta kamasi, akainuka, akawasha blenda.

"Haya," akasema. "Kama ni vita, jeshi lishibe kwanza."

Kuanzia siku hiyo Gaudensi alijitunza kama bibi harusi. Mtu ambaye hajawahi kumaliza dozi ya malaria! Alilala chali juu ya mito mitatu, kichwa juu, uvimbe ushuke. Barafu alifunga kwenye kanga na kuiweka shavuni mpaka daktari aliposema acha, sasa weka kitambaa cha moto. Kila baada ya kula alisukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akiyazungusha polepole na kuyaacha yamwagike yenyewe bila kutema. Mswaki alinunua wa mtoto wa mwaka mmoja, wenye picha ya kifaru, akawa anapita jino kwa jino mbele ya kioo. Midomo alipaka mafuta ya mgando isipasuke. Kamasi hakupenga, alifuta. Na alikula, jamani. Uji wa ulezi wenye maziwa na karanga zilizosagwa laini. Parachichi lililopigwa likawa kama rangi ya ukuta. Supu ya kuku iliyochujwa mpaka kuku mwenyewe asingejitambua. Bomba moja baada ya jingine, mara sita kwa siku, hata alipochefukwa, hata siku aliyolia kwa kusikia harufu ya nyama choma ya jirani.

Siku ya kumi na nane, picha ikawa njano.

Alimwandikia Otmari barua, tusi zima lenye kona zake zote, kwa mkono wake mwenyewe. Eskola akaipeleka kambi ya wafanyakazi. Akarudi amenuna.

"Kasema maandishi hata friji inaandika. Kasema ukitaka kumtukana, uende na mdomo wako."

Siku ya ishirini na moja Daktari aliruhusu mipira ifunguliwe na Mlezi azimwe nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, ili misuli iamke. Akampa vijiti bapa vya mbao. Unavipanga kimoja juu ya kingine, unavipenyeza kati ya meno ya mbele, unahesabu mpaka thelathini, unapumzika, unaongeza. Kuongea bado ni mwiko, maana kuongea kunavuta taya pembeni. Kufungua na kufunga tu, wima, kama mlango.

Siku ya kwanza vilipita vijiti vitatu. Maumivu yalipanda mpaka sikioni, jasho likamtoka kama yuko chini ya nguzo. Vijiti vya hospitali vikalowa na kuvunjika, akachonga vyake kwa msonobari, unene uleule kila kimoja. Hiyo kazi aliijua. Siku ya ishirini na nne, vijiti sita. Ya ishirini na saba, tisa. Siku ya ishirini na tisa, kumi na moja, na Eskola akapiga vigelegele mpaka mama mwenye nyumba akauliza nani kaolewa.

*

Siku ya thelathini bwalo la kiwanda lilijaa. Meza ya kamati mbele, wafanyakazi kwenye mabenchi, Otmari peke yake kwenye kiti pembeni, begi la safari miguuni.

Nyuma ya mlango, Daktari Sembuche alimpitishia Gaudensi kipimo shavuni. Akapima tena.

"Njano," akasema. "Njano inayoelekea rangi ya majani. Kijani kinakuja, hakijafika. Nimewahi kuona mfupa kama huu ukibeba maneno machache. Nakupa arobaini. Nitahesabu. La arobaini na moja silidhamini. Unaelewa?"

Gaudensi akaitikia kwa kichwa. Daktari akakata mipira, akafungua Mlezi shingoni. Ngozi ya chini ilikuwa nyeupe, imekunjamana. Upepo wa bwaloni ukaigusa, Gaudensi akasisimka.

Waliingia. Mama Mwangoka alikuwa ameshashika karatasi ya uamuzi.

"Kihwele? Nani amemvua Mlezi?"

"Anakuja kukana kauli," Daktari akasema, "kwa kinywa chake."

Mabenchi yakavuma. Mama Mwangoka akashusha miwani. "Siku ya thelathini? Haijawahi kutokea. Nitajuaje si kinasa sauti? Mlezi ana sauti hiyohiyo. Nithibitishie kwanza kuwa ni wewe."

Gaudensi alizungusha macho bwalo zima, akaona watu wanamtazama mdomoni kama wanasubiri sungura atoke kwenye kofia. Akamwona Otmari, kainamisha kichwa. Basi akajua la kusema.

Akafungua mdomo. Taya lililia kama bawaba kavu.

"Otmari," akasema. Sauti ilikwaruza, imejaa mate, mbaya, yake. "Kichwa chako kama kisiki, babu zako walitembea toka kusini mpaka huku kwa kukimbia maji ya kuoga!"

"Gau, unayamaliza!" Eskola alipiga kelele nyuma.

Daktari, vidole vikihesabu, alisema kwa sauti ndogo, "Kumi na saba."

Otmari akainua kichwa. Uso wake ulikunjuka polepole, kama shuka linalokung'utwa.

"Ni yeye!" akaruka. "Mama mwenyekiti, ni yeye, wallahi! Mashine haina uchafu huo!"

Karani alikuwa ameacha kuandika, kainua mkono. "Mheshimiwa, hili nalo naliandika? Chombo changu kinataka kuandika 'alimsalimu mwenzake.'"

"Kizime hicho chombo," Mama Mwangoka alisema. "Shika kalamu. Andika kama lilivyotoka." Akamgeukia Gaudensi, na safari hii akavua miwani kabisa. "Nimekubali ni wewe. Sema."

"Mluzi nilipiga mimi," Gaudensi akasema. "Mara mbili. Kulabu sikuifunga. Otmari alivuta kwa sababu nilimwambia vuta. Kosa langu."

"Thelathini na mbili," Daktari akasema.

Mate yalimchuruzika Gaudensi kidevuni upande wenye ganzi, hakuyasikia, hakuyafuta.

"Kwa nini hukuifunga?" Mama Mwangoka akauliza.

"Haraka. Nilitaka kuwahi kula."

"Thelathini na sita."

"Unajua maana yake?" Mama Mwangoka aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ukali tena. "Unaondolewa uwanja wa nguzo miezi sita. Mlezi unamrudisha leo. Utajiuguza kwa mikono yako."

Gaudensi aliitazama ile mikono yake, yenye vidonda vya kuchonga vijiti. Mikono hiyo ndiyo iliyomfikisha pale.

"Najua."

"Thelathini na saba," Daktari akasema. "Kijana, funga."

Hakufunga. Alimtazama Otmari, begi lake, kiti chake cha mshtakiwa.

"Rudi kwenye winchi."

"Arobaini!" Daktari alimdaka kidevu kwa kiganja, akakifunga mwenyewe, akaanza kupachika mipira palepale mbele za watu. Mama Mwangoka akaichana karatasi ya uamuzi mara mbili. Leseni ya Luambano, akasema, inarudi mkononi mwake sasa hivi, na Jumatatu awe kazini. Bwalo likalipuka. Watu walipanda juu ya mabenchi. Mzee mmoja wa kitengo cha dawa ya nguzo alikuwa analia waziwazi na hakuona haya.

Daktari akapitisha kipimo shavuni. Akakitazama muda mrefu. Akakigeuza Gaudensi naye aone. Pembeni mwa njano, pale mfupa mpya ulipokutana na wa zamani, mstari mwembamba wa kijani ulikuwa umeshika, umenyooka, haujatikisika hata nywele.

"Umelishika, mshenzi wewe," Daktari akanong'ona. "Umelilisha likashika."

Otmari alifika mbele kwa hatua tatu. Wakatazamana. Watu wakajua watakumbatiana.

"Daktari," Otmari akasema. "Huyu amebakiwa na maneno mangapi?"

"Hata moja. Mpaka siku kumi na mbili zipite."

"Hata moja!" Otmari aliligeukia bwalo, akakunja mikono ya shati taratibu, kama mtu aliyekaribishwa karamu. "Hawezi kunijibu? Hata nikisema nini? Wangoni mliopo humu, njooni mbele, msije mkasema hamkuambiwa. Mungu ni mwema. Mhehe amefungwa mdomo na mimi nina mchana mzima. Tuanze juu, tushuke chini. Nywele!"

Gaudensi alitikisa ngumi. Alirusha kofia. Alicheka kwa pua, mikono yote miwili imeshika taya isitikisike, machozi yanamtiririka, huku Eskola akimfuta udenda na yeye mwenyewe akiwa hoi kwa kicheko. Mama Mwangoka aliagiza chai. Karani alibadilisha kalamu.

Kengele ya zamu ya mchana ilipolia hakuna aliyeinuka, maana Otmari ndiyo kwanza alikuwa amefika kwenye masikio.